Foto ya RAW: namna ya kulinda sura ya mutu na kanzu nyeupe katika foto moja

Siku ya posho katika Lubumbashi, ukipita karibu na nyumba ya komine ao pa Place de la Poste, hautakosa kuona bibi-arusi mwenye kanzu nyeupe na mupiga foto mbele yake. Kisha siku kidogo familia inapokea foto, na maneno yanaanza. "Kanzu iko bien, lakini sura ya mutoto wetu iko wapi?" Ao ni kinyume: sura inaonekana muzuri, lakini kanzu imekuwa sawa karatasi tupu, na maua yote yenye kushonwa juu yake yamepotea.

Mara mingi watu wanasema kama apareyi ya mupiga foto ni ya bei ya chini. Wengine wanasema kama mutu mweusi na nguo nyeupe haviwezi kutoka muzuri katika foto moja. Maneno hayo mawili si ya kweli. Shida kubwa iko katika kiasi cha mwangaza wenye kuingia katika apareyi, ni kusema ekspozisio, na katika namna ya kutunza foto ikiisha kupigwa. Tufasirie mambo hayo polepole, kwa faida ya vijana wenye kufanya kazi hii na kwa faida ya familia zenye kuwalipa.

Kipimo cha mwangaza hakijui kama mbele yake kuko mutu

Kila apareyi ya leo, hata ile ya telefone, inapima mwangaza yenyewe. Lakini kipimo chake cha musingi hakijui kama kinaangalia bibi-arusi, ukuta ao mbuzi. Kinajua tu kama mwangaza ni mingi ao ni kidogo. Wenye kuitengeneza waliichagulia kipimo kimoja: rangi ya majivu ya katikati, yenye kurudisha karibu asilimia 18 ya mwangaza wenye kuipiga. Kila kitu chenye kujaa katika foto, apareyi inajaribu kukileta pa majivu hayo.

Sasa angalia matokeo. Kanzu nyeupe ikijaa katika foto, apareyi inasema: "Mwangaza ni mingi sana," na inapunguza. Kanzu inakuwa ya majivu, na sura ya bibi-arusi, yenye kurudisha mwangaza kidogo kuliko kanzu, inazama katika giza. Kisha piga foto ya karibu ya baba muzee mwenye ngozi nyeusi na koti nyeusi. Apareyi inasema: "Hapa kuko giza," na inaongeza. Koti inakuwa ya majivu, na ngozi ya muzee inapauka sawa mutu mwenye kumwangiwa unga.

Katika hali zote mbili apareyi ilifanya ile kazi ilitumwa kufanya. Sherti mutu mwenye kuishika aisaidie. Kwenye apareyi nyingi kuko alama ya + na – pamoja. Kuongeza hatua moja (+1) ni kuingiza mwangaza mara mbili. Kupunguza hatua moja (–1) ni kuingiza nusu. Kanzu nyeupe ikijaa katika foto, anza na +1. Ngozi nyeusi na nguo nyeusi zikijaa, anza na –1 ao chini kidogo ya hapo. Kumbuka hilo: mbele ya kitu cheupe unaongeza, mbele ya kitu cheusi unapunguza. Wenye kuanza kazi wanafanya kinyume, juu inaonekana sawa vile njo akili.

RAW ni unga, JPEG ni bukari

Apareyi ikipiga foto ya JPEG, inafanya kazi mbili. Kwanza inapokea mwangaza. Kisha inachagua yenyewe rangi, giza na weupe, inatupa kile inaona kama hakina kazi, na inakupatia foto tayari. Ni sawa bukari yenye kuisha kupikwa: unaweza kula mara moja, lakini hauwezi tena kuirudisha unga.

RAW, maana yake "mbichi", ni ule unga. Apareyi inatunza vipimo vyote vya mwangaza kama vile vilipokelewa, na inakuachia wewe kazi ya kupika katika ordinatere.

Tofauti inaonekana katika hesabu. Katika JPEG, kila moja ya rangi tatu za musingi, nyekundu, kijani na bluu, iko na vidaraja 256, toka giza kabisa mupaka weupe kabisa. Katika RAW ya biti 12 kuko vidaraja 4,096. Katika RAW ya biti 14 kuko 16,384. Njo maana ukijaribu kuinua sura yenye giza katika JPEG, ngozi inapasuka-pasuka na kutoka madoa, lakini katika RAW inapanda polepole.

Wengine wanafikiri kama RAW ni ya apareyi kubwa tu. Hapana. Tangu Android 5.0, ya mwaka wa 2014, telefone zenye kukubali zinaweza kutunza foto za RAW, na iPhone zilifuata katika mwaka wa 2016 na iOS 10. Angalia katika sehemu ya "Pro" ya kamera ya telefone yako. Fishie zake mara mingi zinaisha na herufi DNG, aina yenye kampuni Adobe ilitoa katika mwaka wa 2004 ili programu mbalimbali ziweze kuisoma.

Ndoo chini ya mvua

Hapa kuko jambo lenye vijana wengi hawajue. RAW inasaidia, lakini haifufue kitu chenye hakikuingia.

Fikiria ndoo nyingi ndogo zenye kupangwa katika lupango wakati wa mvua ya mwezi wa kwanza. Mvua ikiisha, unapima maji ya kila ndoo na unajua mvua ilinyesha namna gani pale ndoo ilikuwa. Lakini ndoo yenye ilijaa na kumwaika haikuambie kitu tena. Ilimwaika kidogo ao mingi? Hakuna mwenye kujua. Ndani ya apareyi ni vile. Kila nukta ya foto ni ndoo yenye kupokea mwangaza. Ikiisha kujaa, foto pale inakuwa nyeupe tupu. Hakuna programu yenye kuweza kurudisha maua ya kanzu yenye ilimwaika.

Sasa angalia upande wa giza. Tuseme apareyi iko na vidaraja 16,384. Hatua ya juu kabisa ya mwangaza inachukua nusu yote: 8,192. Hatua yenye kufuata iko na 4,096, kisha 2,048, kisha 1,024, kisha 512. Ukifika katika hatua ya sita, unabakia na vidaraja 256 tu. Ikiwa uliacha sura ya bibi-arusi ianguke kule chini, utakuwa na maji kidogo sana katika ndoo, na ukijaribu kuongeza katika ordinatere, unaongeza pia uchafu: chembe-chembe za rangi zenye kucheza juu ya mashavu.

Kwa hiyo sheria ya kazi ni hii: ingiza mwangaza mingi kadiri unaweza, lakini usiache kitu cha maana kimwaike. Taa yenyewe ao jua lenyewe likimwaika, si neno. Kanzu, shati nyeupe ya bwana-arusi, paji la uso lenye kungaa: hivyo sherti vilindwe.

Namna ya kujua ndoo inakaribia kujaa

Usiamini kioo cha apareyi tu. Kwenye jua la saa sita, kila foto inaonekana na giza. Usiku katika sale, kila foto inaonekana ya kungaa. Tumia istogramu, ile picha ndogo sawa kilima. Kushoto ni giza, kuume ni mwangaza. Kilima kikigonga ukuta wa kuume, kuko kitu kinamwaika. Kikilala chote kushoto, umenyima sura mwangaza.

Apareyi nyingi ziko pia na alama yenye kuwaka-waka juu ya sehemu zenye kujaa. Iwashe. Kanzu ikiwaka-waka, punguza kidogo, kisha piga tena. Ujue pia jambo hili: hata ukipiga RAW, istogramu ya kioo inahesabiwa kufuatana na JPEG ndogo yenye apareyi inakuonyesha. Kwa hiyo inapiga kelele mbele kidogo RAW yenyewe haijajaa. Uko na nafasi kidogo, lakini si kubwa, usiizoee.

Usiku katika sale ya karamu kuko mutego mwingine: taa za rangi. Taa ya bluu ikipiga sura, ndoo za bluu zinajaa na zile za nyekundu zinabakia karibu tupu. Istogramu ya pamoja itaonekana muzuri, lakini ngozi imekufa. Kama apareyi yako iko na istogramu tatu za rangi, angalia hizo. Na ikiwezekana, omba mwenye taa aweke taa nyeupe kwa dakika tano wakati wa keki na wa kuvalishana pete. Dakika hizo tano zinashinda saa mbili za ordinatere.

Jua la Lubumbashi na udongo wake

Muji wetu uko karibu digri 11 na nusu kusini ya ikweta. Maana yake, mara mbili kwa mwaka, karibu na mwisho wa mwezi wa kumi na tena katikati ya mwezi wa pili, jua la saa sita linapita juu ya kichwa kabisa. Saa hiyo macho yanakuwa mashimo mawili ya giza, na pua inatupa kivuli juu ya midomo. Hakuna RAW yenye kupenda mwangaza wa namna hiyo. Tafuta kivuli cha muti ao cha baraza, na ugeuze sura ya mutu upande wenye mwangaza unatokea. Kama sherti mubaki kwenye jua, flashi kidogo muchana inajaza yale mashimo.

Wakati wa kipwa, vumbi na moshi vinafanya mwangaza wa asubui na wa mangaribi kuwa wa rangi ya machungwa. Udongo wetu mwekundu nao unarudisha wekundu chini ya kidevu na juu ya kanzu. Hapa RAW inasaidia sana: rangi ya mwangaza haikufungwa bado, unaweza kuipanga kisha, bila kuharibu kitu.

Kazi ya ordinatere: hatua tano

Hauna lazima ya kununua programu. Darktable na RawTherapee ni za bure kabisa na za halali, na zinafungua RAW za apareyi karibu zote. Mutu mwenye iko na Lightroom anaweza kufuata hatua zilezile.

Kwanza, panga rangi ya mwangaza. Gusa sehemu ya kanzu yenye haikujaa, programu ijue kama pale ni nyeupe. Kisha angalia ngozi. Ikiwa imekuwa ya bluu, rudisha joto kidogo.

Pili, panga ekspozisio ya foto nzima kufuatana na sura. Usiangalie kanzu sasa.

Tatu, shusha sehemu za juu, zile zenye kungaa, mupaka maua ya kanzu yatoke. Kama hayatoke hata ukishusha yote, ujue ndoo ilimwaika.

Inne, inua giza kidogo: koti ya bwana-arusi, nywele, macho. Usipite kiasi. Foto yenye haina giza hata kidogo inakuwa sawa yenye kufunikwa na moshi.

Tano, ondoa chembe-chembe, lakini acha ngozi ibakie ngozi. Mutu mwenye miaka 60 akitoka bila hata mukunjo mumoja, hiyo si heshima. Watoto wake hawatamutambua.

Ukiisha, toa JPEG kwa ajili ya familia. RAW yenyewe haibadilike: programu inaandika tu maagizo pembeni yake. Mwaka mwingine unaweza kuanza tena upya.

Rangi ya ngozi si kosa la kusahihisha

Kuko neno lingine lenye kuumiza. Wapiga foto wengine, wakiona sura yenye giza, wanaifanya nyeupe na kufikiri wamefurahisha familia. Kuongeza mwangaza juu ya sura ni jambo moja. Kubadilisha rangi ya mutu ni jambo lingine.

Tabia hiyo iko na historia. Wakati wa filme, kampuni Kodak ya Marekani ilikuwa inatumia maabara karte yenye foto ya mwanamuke muzungu ili wapange rangi. Waliita karte hizo "Shirley", jina la mwanamuke wa kwanza mwenye alipigwa. Ngozi yake njo ilikuwa kipimo. Watu weusi walitoka namna walitoka. Watu wenye kuuza chokoleti na wenye kuuza vyombo vya mbao nao walilalamika, juu rangi zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Kisha filme zilitengenezwa upya, na katika miaka ya 1990 karte zenye watu wa rangi mbalimbali zilitoka.

Leo hauhitaji kungojea kampuni ya ngambo ikupangie. Ukiwa na RAW, wewe njo unachagua kipimo. Weka mutu mwenyewe mbele yako, ao mukono wake karibu na kioo cha ordinatere, na ulinganishe. Ngozi nyeusi yenye kupigwa vizuri iko na rangi mingi: nyekundu kidogo, shaba, na mungao pa paji la uso na pa mashavu. Mungao huo njo unapatia sura umbo lake. Ukiufuta wote, sura inakuwa bapa.

Foto yenye kutunzwa inasema kisha miaka mia

Lubumbashi inajua vizuri zaidi kuliko miji mingi kazi ya foto ya zamani. Sammy Baloji, mwenye alizaliwa hapa katika mwaka wa 1978, alitengeneza katika mwaka wa 2006 kazi yenye jina "Mémoire". Alichukua foto za kale, nyeusi na nyeupe, za wafanyakazi wa wakati wa Union Minière, na kwa ordinatere akaziweka juu ya foto za rangi za viwanda vya Gécamines vyenye kubomoka. Watu wa zamani wanasimama tena mbele ya mahali pa kazi yao, na sisi tunalazimishwa kuwaangalia. Katika mwaka wa 2008, yeye pamoja na Patrick Mudekereza na wengine walianzisha Rencontres Picha, yenye kujulikana leo kama biennale ya Lubumbashi. Georges Senga naye, muzaliwa wa muji huu, anafuata njia ya foto na kumbukumbu.

Kazi ya namna hiyo inawezekana juu kuko mutu mwenye alitunza foto. Tujiulize basi: kisha miaka 50, ni nani atapata foto za leo? Nyingi zinabakia katika WhatsApp tu, zenye kupunguzwa. Foto yenye upande mrefu wa piseli 1,600 ikichapwa kwa ubora muzuri inafika karibu sentimetre 13. Siku ya kilio, familia inaomba foto kubwa ya kuweka pembeni ya sanduku, na hakuna. Foto ya apareyi ya piseli milioni 24, yenye upande wa 6,000, inafika sentimetre 50 kwa ubora uleule.

Ni kweli kama RAW inaomba nafasi. Tuseme fishie moja iko na MB 30. Ndoa ya foto 600 inakuwa GB 18, na karte ya GB 32 inaweza kupokea karibu foto 1,000. Diski ya inje ya TB 1 inatunza ndoa karibu 55. Mwenye hana diski kubwa achague RAW 100 za maana: sura za wazazi, za wazee, pete, familia nzima. Hizo ni GB 3, zinaingia katika kle USB. Tunza mara mbili, katika nyumba mbili tofauti, juu courant ikikatika-katika diski inaweza kufa, na mwizi hachague.

Kwa familia zenye kutafuta mupiga foto

Mbele ya kutoa arubo, uliza maswali matatu. La kwanza: "Unapiga RAW ao JPEG tu?" La pili: "Utatunza fishie kwa muda gani, na tunaweza kupata kopi yetu?" La tatu: "Tuonyeshe foto ya bibi-arusi mwenye ngozi sawa ya mutoto wetu, kwenye jua na usiku." Angalia foto hiyo bila haraka. Ukiona maua ya kanzu na ukiona macho ya bibi-arusi, wote wawili pamoja, mutu huyo anajua kazi. Muandike maneno hayo katika mapatano, hata kama ni karatasi moja ya daftari, na kila upande ubakie na kopi.